Pirogi ya zamani haitaji umri wake

Mapigano yalipofunga barabara ya Sake mwanzoni mwa mwaka 2024, Ziwa Kivu ndilo lililokuwa barabara. Maharagi, mihogo, makala na watu vilianza kupita majini, kutoka Minova na vijiji vya Kalehe hadi soko la Kituku. Halafu ikaja Januari 2025, wapiganaji wa M23 wakaingia Goma, na mwezi uliofuata mahema ya Bulengo na ya kambi nyingine yakang'olewa. Kuna familia zilizorudi Masisi na Kalehe, na kuna zilizobaki mjini kwa ndugu, zikitafuta namna ya kula.

Kwa aliyepoteza shamba, ziwa ni shamba lisiloomba hati. Lakini shamba linataka jembe, na jembe la ziwani ni pirogi. Mpya ni ya wenye pesa. Ile ambayo mhami anaweza kuifikia ni kuukuu: imelala juu ya mawe ya volkano, rangi imebanduka, mwenyewe anasema ina tundu dogo tu, na bei inazungumzika.

Hapo ndipo historia inapofaa. Kwenye ziwa hili hakujawahi kuwa na chombo ambacho hakikutengenezwa tena na tena, na uzee peke yake haujazamisha pirogi. Kinachozamisha ni ubovu uliofichwa: ubao uliooza na kupigiwa bati juu, tundu lililozibwa kwa rangi siku ya kuuza, kisha watu na magunia kupita kipimo.

Mti mmoja

Pirogi za kwanza za Kivu zilichongwa katika shina moja la mti. Wahavu wa Idjwi na wa pwani ya Kalehe walikuwa mabingwa wa kuzichonga na wa kuvuka nazo. Mwanahistoria David Newbury, aliyeandika sana juu ya Idjwi, alionyesha namna ziwa lilivyounganisha watu wa pande zote katika karne ya 19. Butega, bangili zilizosukwa kwa nyuzi, zilitoka upande wa magharibi na zikatumika karibu kama pesa. Biashara hiyo yote ilipita juu ya mti uliochimbwa.

Vita navyo vilipita huko huko. Mwami Kigeri wa Nne Rwabugiri wa Rwanda alipoitaka Idjwi, alihitaji mitumbwi kabla ya mikuki. Alikuwa angali anatawala mwaka 1894 wakati Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipofika kwenye Kivu, Mzungu wa kwanza anayejulikana kuliona ziwa hili. Jina la Götzen likumbukwe, maana litarudi likiwa limeandikwa juu ya chuma.

Mtumbwi wa mti mmoja una faida moja kubwa: hauna kiungo. Maji hayana pa kuingilia mpaka mti wenyewe upasuke. Adui yake ni jua. Mti ukikauka upande mmoja upesi kuliko mwingine, unapasuka kwa urefu, na mara nyingi ufa unaanzia kwenye ncha. Ndiyo sababu kwenye maziwa mengi ya ukanda huu wavuvi huuacha mtumbwi majini, au hata kuuzamisha kwenye kina kifupi wakati hautumiki. Mgeni akipita anadhani umetupwa, kumbe umelazwa.

Ufa ukitokea, unajazwa nyuzi na utomvu au lami, na juu yake kinapigwa kipande cha bati chenye misumari. Si kazi ya kupendeza macho. Lakini ina adabu yake: kiraka kiko wazi. Kila anayepanda anakiona, anauliza ni cha lini, na mzee fulani anajibu kwamba ni cha mwaka ule wa mvua nyingi, na kwamba tangu hapo mtumbwi hauchukui zaidi ya watu watatu. Cheti hakuna, lakini kijiji kizima kinaijua habari ya chombo.

Mhami anayenunua pirogi Goma hana kijiji hicho. Anakutana na chombo kama anavyokutana na mtu njiani usiku. Inabidi kukihoji chenyewe.

Chuma kilichozamishwa kwa akili

Chuma kilikuja na wakoloni. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza, Wajerumani wa kapteni Max Wintgens waliitwaa Idjwi tarehe 24 Septemba 1914, na hawakuondolewa mpaka mwaka 1916, Wabelgiji walipoingia Rwanda. Lakini mafunzo makubwa ya matengenezo ya wakati ule yako kusini zaidi, kwenye Ziwa Tanganyika.

Huko Wajerumani walikuwa na meli waliyoipa jina la yule yule aliyefika Kivu mwaka 1894: Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa Kigoma na kuteremshwa majini Februari 1915. Mwaka uliofuata, walipoona wanashindwa, waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916. Kabla ya hapo mafundi wake walifanya jambo moja la busara. Walizipaka mashine grisi nzito kila mahali, kana kwamba wanamwandaa mgonjwa kulala na si maiti kuzikwa.

Waingereza waliipandisha mwaka 1924, wakakuta mashine bado zinafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya, Liemba. Familia nyingi za Kongo zinaijua: mwaka 1997 ilivusha makumi ya maelfu ya wakimbizi waliokuwa Tanzania wakirudi nyumbani, na mwaka 2015 ikawabeba Warundi waliokuwa wamekwama Kagunga. Chombo kilichokuwa kimezama kilibeba watu kwa miaka mingi baadaye, kwa sababu waliokizamisha walijua kinachoua chuma ni maji na hewa vikikutana juu yake.

Kuna na kisa kidogo zaidi. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza, waliokuwa wamezivuta mashua mbili ndogo kupitia milima ya Katanga, waliipiga na kuiteka mashua ya Kijerumani Kingani karibu na Lukuga, mahali panapoitwa leo Kalemie. Ilikuwa imetobolewa. Waliipandisha, wakaziba tundu, wakaipa jina Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 ikashiriki kuizamisha meli nyingine ya Kijerumani, Hedwig von Wissmann. Ilikuwa kazi ya wiki sita hivi. Tundu lake lilijulikana lilipo, ukubwa wake na kilicholisababisha. Kwa fundi, hayo matatu ni nusu ya kazi.

Sambaza wanabadilisha pirogi

Kwa muda mrefu Kivu lilikuwa ziwa la samaki wachache. Uvuvi ulikuwa wa karibu na ukingo, wa tilapia na samaki wengine wa pwani, na katikati palikuwa maji matupu. Mwishoni mwa ukoloni, kati ya 1958 na 1960, Wabelgiji walileta vifaranga vya samaki wadogo kutoka Tanganyika na kuvimwaga Kivu. Aliyeshika ni mmoja, yule ambaye leo kila mtoto wa Goma anamjua kwa jina la sambaza. Alipata chakula kingi katikati ya ziwa na adui mchache. (Mgeni mwingine kutoka Tanganyika, anayeitwa kwa kawaida rwandarushya, alionekana baadaye sana, mwaka 2006, na huyo hakualikwa na mtu.)

Sambaza wanaishi mbali na ukingo na wanafuata mwanga usiku. Pirogi moja nyembamba haiwezi kuwafuata vizuri. Kuanzia mwaka 1979, mradi wa FAO uliokuwa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka tu, ulisaidia kueneza mtindo unaoonekana mpaka leo kila jioni kutoka Goma: pirogi tatu zimefungwa pamoja kwa milingoti mirefu ya mkaratusi, wavu umeshushwa katikati, taa zinawaka, watu wanaimba wakipiga kasia. Hiyo ndiyo trimarani. Kwanza zilikuwa taa za petroli, baadaye za betri.

Trimarani iliwapa watu kitoweo cha bei nafuu, na katika vita vyote vilivyofuata sambaza ndio waliobaki sokoni wakati nyama ilipotoweka. Lakini ilibadilisha pia matengenezo. Pirogi sasa zinajengwa kwa mbao zilizounganishwa, kwa sababu miti mikubwa ya kuchonga imekwisha. Kila kiungo ni mlango wa maji. Watu wa pwani ya bahari wana neno kwa kazi ya kuziba viungo hivyo, kalafati: pamba au nyuzi zilizolowekwa mafuta zinapigwa katikati ya mbao kwa patasi butu, halafu lami juu.

Kuna jambo ambalo wengi wapya kwenye kazi hii hukosea. Pirogi ya mbao iliyokaa nchi kavu miezi kadhaa inavuja kila mahali siku ya kwanza, kisha mbao zinavimba kwa maji na viungo vinajifunga. Anayepiga pamba kwa nguvu wakati mbao bado zimekauka anajiletea hasara, kwani zikivimba hazina nafasi, na zinapasuka au kung'oa misumari. Kwanza ilowe siku mbili tatu kwenye maji mafupi, bila mtu ndani. Panapoendelea kuvuja baada ya hapo ndipo pagonjwa.

Mbao iliyooza haitengenezwi. Kisu chembamba kikiingia kwenye ubao kama kwenye ndizi, hasa karibu na misumari, chini ya viti na nyuma panapofungwa mota, ubao huo unatolewa wote na kuwekwa mwingine. Bati juu ya mbao iliyooza linafanya ubaya mara mbili, kwa kuwa linaficha na pia linashika unyevu ndani ili uozo uende upesi.

Hatari nyingine imetokana na trimarani zenyewe. Zinapovunjwa, pirogi zake huweza kuuzwa moja moja. Pirogi nyembamba iliyozoea kushikiliwa na wenzake wawili inaweza kuwa nzima kabisa, bila tundu, na bado ikapinduka mtu mmoja akisimama. Anayeiona imetulia ufukweni hawezi kujua. Alama zake ni mashimo au michubuko ya kamba pale milingoti ilipokuwa imefungwa, na tumbo jembamba kuliko urefu unavyotaka. Chombo cha namna hiyo kinabaki cha trimarani. Kukifanya cha abiria ni kukipa kazi ambayo hakikuzaliwa nayo.

Alumini, chuma kisicho na kutu lakini kinacholiwa

Mashua ndogo za alumini ni chache kwenye Kivu ukilinganisha na za mbao, na ndizo zinazodanganya zaidi. Mtu anaona hazina kutu, anadhani hazizeeki.

Udanganyifu huo una zaidi ya miaka mia. Mwaka 1896 Mfaransa Hourst aliteremka mto Niger na mashua ya alumini iliyoitwa Davoust, kwa kuwa wakati ule alumini ilikuwa kitu kipya na kila msafiri alitaka chombo chepesi cha kubeba kwenye maporomoko. Uhafifu wa alumini ya zama zile ulionekana haraka: ilikuwa laini kwa mawe, na palipochanganywa metali nyingine ilikuwa inalika. Ni baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya ndege vilipokuwa na alumini ngumu na kukosa wateja, ndipo mashua ndogo za alumini zilizopigwa ribiti zilipoenea duniani. Kampuni ya Grumman ya Marekani, iliyokuwa ikitengeneza ndege za vita, iligeukia mitumbwi ya alumini mwaka 1945.

Sababu ya kulika inafaa kueleweka, kwa kuwa Kivu ni mahali pabaya kwa jambo hilo. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi za madini, zinafanya kazi kama betri, na iliyo dhaifu inaliwa. Kati ya alumini na shaba, au alumini na chuma cha kawaida, dhaifu ni alumini. Maji ya Kivu, kwa ajili ya volkano, yana madini mengi kuliko ya Victoria na hata ya Tanganyika, na maji yake ya juu yana ukali wa magadi, pH karibu 9, wakati ngozi inayoilinda alumini inaanza kudhoofika kwenye 8.5 hivi. Kwa hiyo msumari wa chuma, kiraka cha bati la paa, au kipande cha waya wa shaba kilichosahauliwa chini ya sakafu, kila kimoja kinachimba tundu polepole. Alama yake si wekundu wa kutu. Ni unga mweupe na vishimo vidogo kama vya ndui.

Kuitafuta mivujo ya mashua ya alumini ni kazi ya mchana mmoja. Mashua inawekwa juu ya magogo mahali palipo sawa, inategemezwa vizuri chini, na kumwagiwa maji ndani, sentimita chache tu. Maji ni mazito: lita moja ni kilo moja, na mashua ikijazwa nusu inaweza kupinda au kumwangukia mtu aliye chini. Panapodondoka panawekwa alama kwa chaki upande wa nje. Baada ya hapo maji yote yanatolewa na mashua inakaushwa.

Ribiti iliyolegea huweza kukazwa na watu wawili, mmoja akishika chuma kizito ndani na mwingine akigonga nje. Iliyokatika au yenye tundu lililopanuka inatolewa na kuwekwa ya alumini iliyo nene kidogo, pamoja na gundi isiyopitisha maji. Ufa unatobolewa kitundu kidogo mwishoni mwake ili usiendelee, halafu unawekewa kiraka cha alumini chenye pembe za mviringo. Pembe kali ndizo zinazoanzisha ufa mwingine. Sehemu ya nyuma inayoshika mota mara nyingi ina ubao ndani. Huo nao uchunguzwe kwa kisu, maana mota ikiondoka na ubao wake katikati ya ziwa, tundu linalobaki halizibiki kwa shati. Na sponji iliyojazwa chini ya viti, ikiwa imelowa, ni uzito uliofichwa, itolewe.

Kuchomelea ni jambo jingine. Mafundi wa milango na madirisha wa Goma ni hodari, lakini alumini si chuma cha mlango. Inayeyuka kwenye digrii 660 hivi bila kubadilika rangi, wakati ngozi iliyoifunika inahitaji zaidi ya digrii 2,000. Fundi asiye na vifaa vyake anaona hakuna kitu, hakuna kitu, halafu ghafula pana shimo la ukubwa wa sahani. Afadhali kiraka cha ribiti kilichofanywa vizuri. Na moto wowote, uwe wa kuchomelea au wa kuyeyusha lami, usikaribie tangi la esansi hata likiwa tupu. Tupu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke.

Rangi ya zamani huweza kuwa na risasi ndani yake. Isikwanguliwe ikiwa kavu, na isichomwe. Iloweshwe, ikwanguliwe kwa msasa wa maji, na mabaki yakusanywe mahali ambapo watoto hawachezi na maji ya kunywa hayachotwi. Familia nyingi zilizohama zinapika, zinafua na kutengeneza vyombo kwenye ua huo huo mmoja. Pale ni lazima kuchagua siku na upande ambao upepo unaenda.

Mahali pa kufanyia kazi

Goma ina hatari ambayo vitabu vya mafundi wa nchi nyingine haviitaji, na wenyeji wana jina lake: mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kwenye nyufa za lava, nzito kuliko hewa, inayotulia mabondeni na kwenye mashimo, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Imeua mbuzi, mbwa na watu katika pande za Kyeshero, Mugunga, Lac Vert na Bulengo. Haina rangi wala harufu ya kuonya. Wengi waliokaa kambini Bulengo waliisikia habari hiyo, lakini anayetoka Masisi milimani huenda hajaisikia.

Sasa mfikirie mtu aliyeweka mashua yake kwenye kishimo kilicho kando ya ziwa ili isibebwe na mawimbi, anaingia saa kumi na moja asubuhi, anainama chini ya sakafu kukwangua. Kichwa chake kiko pale pale gesi inapokaa. Kazi ya ndani ya chombo ifanyike juu, mahali penye upepo, jua likiwa limeshapanda, na mtu wa pili awepo karibu amesimama. Anayeanguka ndani hafuatwi kwa kuinama. Anavutwa kwa kamba, au chombo kinapinduliwa.

Mawe ya lava nayo yana kazi yake mbaya. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na ukingo mwingi wa Goma ni mawe yenye meno. Pirogi inayokokotwa juu yake kila asubuhi inapoteza unene wake kidogo kidogo mahali pale pale, chini katikati na mbele. Magogo mawili ya mkaratusi ya kuviringishia yanaokoa miaka. Bati jembamba la chini linajulikana kwa kugonga kwa kidole: sauti inabadilika.

Kipimo cha mzigo

Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, mashua Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya Kituku, karibu kabisa na kufika, watu wakiona kutoka ufukweni. Liwali wa Kivu ya Kusini alisema ilikuwa na watu 278 na akataja vifo 78. Idadi zilizotolewa siku zilizofuata zilitofautiana. Waliopanda walipita majini kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa. Miaka mitano kabla, Aprili 2019, ajali nyingine upande wa Kalehe ilimfanya Rais Tshisekedi aagize kwamba kila abiria awe na jile ya kuokolea. Agizo lilikuwa zuri. Jile ni pesa, na anayepanda na gunia la muhogo anahesabu.

Kwa hiyo chombo kilichotengenezwa kinapimwa kabla ya kubeba mtu, na kipimo chenyewe hakihitaji mashine. Siku isiyo na upepo, kwenye maji yanayofika kiunoni, mashua inafungwa kamba na kupakiwa magunia ya mchanga kidogo kidogo, kila gunia uzito wake ukijulikana. Panapobaki ukingo wa shibiri mbili juu ya maji, hapo panapigwa mstari wa rangi nje, pande zote mbili. Baada ya hapo mashua inatikiswa, inainamishwa, inaachwa nusu siku na mzigo wake, na maji yaliyoingia yanachotwa kwa ndoo yakihesabiwa.

Hesabu ya maji hayo si ya kupuuza. Mashua yenye sakafu ya mita nne kwa moja, ikiingiwa na maji ya sentimita kumi tu, imepakia kilo 400 ambazo hakuna aliyezilipia, na ni mzigo unaokimbilia upande mmoja kila mtu anapogeuka. Ndiyo sababu tundu dogo tu linaweza kupindua chombo ambacho halingeweza kukizamisha.

Kwa asiye na jile, bidoni tupu la lita 20 lenye kifuniko kinachokaza hubeba karibu kilo 20 majini, na mtu anayelishika haliachi kirahisi. Halilingani na jile, kwa kuwa aliyezimia hawezi kulishika, lakini mabidoni mawili yaliyofungwa chini ya viti vya mbele na nyuma yanaifanya pirogi iliyojaa maji isiende chini yote. Yafungwe kwa kamba na si kwa waya wa shaba.

Mstari wa rangi ukishapigwa, uandikwe kando yake idadi ya watu, kwa tarakimu kubwa zinazosomeka kutoka ufukweni, na viraka vyote viachwe bila kupakwa rangi ya kuvificha. Atakayeinunua pirogi hiyo baada ya miaka mitano, huenda naye akitoka mbali, atakuwa na mahali pa kuanzia kuuliza.